Jiwe la Mjomba Bisimwa

Wiki iliyopita fundi alikuja kurekebisha mlango wa jikoni kwangu. Bawaba zilikuwa zimeshikwa na kutu, akazipaka mafuta ya taa kwa kitambaa, akaufungua na kuufunga mlango mpaka ukanyamaza, kisha akaenda zake na kuniachia harufu. Nilikaa kwenye kigoda nisiweze kuendelea na kazi niliyokuwa nayo. Watoto wangu hawaijui harufu ile. Wao umeme ukikatika wanawasha simu. Lakini ninyi mliokulia Goma wakati wa Zaïre, mliofanya kazi zenu za shule mbele ya taa ya mafuta yenye chemni ya kioo huku masizi yakiwaingia puani, mnajua harufu hiyo inaweza kumrudisha mtu wapi. Mimi ilinirudisha kwenye meza yetu ya zamani, kwa Papa na Mama, na kwa jiwe la Mjomba Bisimwa.

Tulikaa katika nyumba ya mbao iliyojengwa juu ya mawe meusi ya volkano, karibu na kambi ya wanajeshi ya Katindo. Karibu kiasi kwamba tarumbeta yao ya asubuhi ndiyo iliyotuamsha. Wazazi wangu walikuwa wametoka upande wa Bukavu. Papa alikuwa karani katika kampuni iliyonunua kahawa, mtu mpole, mwenye kunyoosha suruali yake mwenyewe kwa pasi ya makaa kwa sababu hakumwamini mtu mwingine. Mama alikuwa na ndugu mmoja tu duniani, naye ndiye Bisimwa. Mama yao alifariki Bisimwa akiwa bado ananyonya, na Mama, ambaye wakati huo alikuwa msichana mdogo, alimbeba mgongoni mpaka akajua kutembea. Kwa hiyo alimpenda kwa mapendo mawili, ya dada na ya mzazi, na alimgombeza kwa yote mawili vilevile.

Mjomba alikuwa akichenjua dhahabu katika mito ya milimani, nyuma ya Masisi. Alishuka Goma mara chache, akiwa na udongo wa njano chini ya kucha, na ngozi ya vidole vyake imekunjamana kwa sababu ya maji. Alikuwa na kicheko kisichokuwa na sauti: mabega yalitikisika, machozi yalimtoka, lakini husikii kitu. Mimi nilimwona kuwa mtu mkubwa kuliko wote, ijapokuwa sasa ninajua kwamba alikuwa kijana tu, ambaye hajapata hata nywele za kutosha kidevuni.

Mchana mmoja alikuja na kitu kilichofungwa ndani ya jani kavu la mgomba. Kilikuwa kijiwe, ukubwa wake kama punje ya haragwe, cha rangi ya kijani iliyochanganyika na buluu kidogo, kama maji ya ziwa pale mawe ya ufukoni yanapoishia na kina kinapoanza. Alisema alikipata chini ya karai, katika mchanga mweusi unaobaki dhahabu ikishatolewa. Wenzake hutupa vijiwe vya namna hiyo. Mama aliuliza kwa nini yeye hakukitupa. Mjomba alitikisa mabega yake, akasema angoje jioni.

Jioni Mama alipowasha taa, Mjomba aliliweka lile jiwe juu ya kitambaa cha meza. Lilikuwa jekundu. Si wekundu wa nyanya, bali ule mzito wa divai ya misa padri anapoinua kikombe. Mama alirudisha mkono wake nyuma na kufanya ishara ya msalaba. Papa alivaa miwani, akalichukua, akalipeleka mbali na taa, akalirudisha, akalizungusha. Asubuhi yake nililikuta kwenye kizingiti cha dirisha, kijani kama mwanzo.

"Dada, uniwekee," Mjomba alimwambia Mama kabla ya kurudi milimani. "Siku nitapata bibi, njo litatoka."

Mama aliliweka jiwe hilo la mahari ndani ya bati la maziwa ya unga, pamoja na vifungo na sindano zake.

Wakubwa walishangaa siku nyingi. Mimi sikushangaa sana, na ni lazima niwaeleze kwa nini. Katika miaka ile Serikali ilikuwa imetuambia tuache majina ya ubatizo. Shuleni mwalimu aliniita kwa jina la mababu. Nyumbani Mama aliniita kwa jina la mtakatifu wangu, tena kwa sauti ya chini ikiwa dirisha li wazi, na alinionya nisije nikayachanganya. Kila mtu niliyemjua alikuwa hivyo, ana jina la nje na jina la ndani. Basi niliona jiwe nalo limeelewa sheria. Nje lilikuwa la kijani, kama bendera tuliyoiimbia kila asubuhi kwenye uwanja wa shule. Ndani, taa ikiwaka na watu wa nyumbani wakiwa wameketi, lilivaa rangi yake lenyewe. Hata mlima wetu wenye moto ulifanya hivyo: mchana moshi wa kijivu, jioni anga nyekundu juu yake. Kwangu mimi hayakuwa maajabu. Niliona ni adabu.

Aliyetueleza jiwe lile lilikuwa nini hasa ni Monsieur Lucien. Alikuwa Mzungu mzee aliyekuja Goma kuonja kahawa ya kampuni, akivuta mdomoni kijiko kimoja kimoja kwa kelele na kutema. Sisi wote tulikuwa "citoyen", yaani raia, siku hizo. "Monsieur", yaani bwana, lilibaki kwa wageni, na mimi nilidhani ni sehemu ya jina lake. Papa alimkaribisha kwetu kula sambaza, samaki wadogo wa ziwa, na baada ya chakula, kwa kuwa alikuwa amesikia kwamba mzee huyo hukusanya mawe, akaleta lile bati.

Jua lilikuwa halijazama. Monsieur Lucien alitoka na jiwe mpaka mlangoni, akaliangalia kwa lenzi ndogo aliyoitoa mfukoni. Aliingia tena ndani akaomba taa iwashwe. Lilipogeuka, aliirudisha lenzi mfukoni. Alikaa chini, akaanza kueleza kwa Kiswahili chake cha mashambani, polepole, kama mtu anayeogopa kumwamsha mtoto aliyelala.

Alisema ni kito kinachoitwa grena. Grena nyekundu ziko tele, zinauzwa kwa mafungu kama maharage, lakini hii inayogeuka rangi ni adimu, hata mtu anaweza kuitafuta maisha yake yote asiipate. Huko Ulaya kulikuwa na watu wanaokusanya mawe kama wengine wanavyokusanya stempu. Wanaandikiana barua, wanabishana kuhusu kijani ya hili na wekundu wa lile, wanasafiri mbali ili waone moja tu. Wakilipata hawalivai. Wanaliweka kabatini, na wageni wakija wanalionyesha dirishani kwanza, halafu wanafunga pazia na kuwasha mshumaa, na wageni wote wananyamaza. "Ni kwa ajili ya ule unyamavu," alisema. "Unyamavu ule ndio wanaununua."

Mama alimsikiliza mpaka mwisho. "Na halafu?" aliuliza.

"Halafu wanalirudisha kabatini, Mama."

Naona jibu hilo halikumridhisha. Monsieur Lucien aliuliza kama wanaweza kumuuzia. Papa alimtazama Mama. Mama akasema jiwe si lake, ni la ndugu yake, ni la mahari yake, na mwenyewe yuko milimani. Mzee hakubishana. Alisema anakwenda likizo kwao, atakaporudi atazungumza na mwenyewe. Alipokuwa akitoka aliligeukia tena, kama mtu anayeaga mgonjwa.

Habari ya Mjomba ililetwa na dereva wa kamyo ya makabichi. Wanajeshi walisimamisha gari, Mjomba akiwamo, kwenye kizuizi cha Sake, wakateremsha abiria, wakawapapasa. Mjomba alikuwa na vumbi la dhahabu ndani ya kichupa cha dawa. Wakati ule mtu wa kawaida hakuruhusiwa kushika dhahabu. Kila mtu alishika, na kila mtu alijua siku moja inaweza kuwa zamu yake. Walimfunga mikono na kumleta Katindo.

Basi alikuwa pale, nyuma ya ukuta tuliokuwa tukiuona kutoka uani kwetu. Mama alipika fufu na sombe, majani ya muhogo, kila siku akapeleka sufuria kwenye lango la kambi. Askari waliichukua na baadaye waliirudisha ikiwa tupu. Nani alikula, hakujua. Siku moja sufuria ilirudi imeoshwa, imesuguliwa hata masizi ya nje yametoka, na Mama aliishika kifuani njia nzima. Alisema Bisimwa peke yake ndiye huosha sufuria namna ile. Yeye mwenyewe alimfundisha. Papa aliirudisha sufuria jikoni. Huenda aliwaza, kama ninavyowaza mimi leo, kwamba hata askari wanaweza kuosha vyombo.

Papa aliomba ruhusa kazini, akaenda kambini, akarudishwa. Alimwendea padri, na padri alikwenda, akarudishwa. Kisha ikasikika kwamba wafungwa watahamishwa, lakini wapi, hakuna aliyesema. Monsieur Lucien alikuwa bado Ulaya. Asubuhi iliyofuata ni Mama mwenyewe aliyefungua bati, akatoa jiwe katikati ya vifungo, akalifunga kwenye kitambaa cheupe. Alimwambia Papa ampelekee mkubwa wa kambi, na aende nami, kwa sababu mtu akiwa na mtoto mkononi hawamfukuzi upesi.

Papa alivaa abakosti yake ya sikukuu, koti lisilovaliwa na tai. Tulipita lango, tukavuka uwanja ambako wanajeshi walikuwa wakifanya mazoezi, nikamtafuta Mjomba kwa macho kila mahali, hata juu ya miti. Ofisi ya komanda ilikuwa na madirisha makubwa yaliyoelekea ziwa, na mwanga wa asubuhi uliingia wote, mweupe, mpaka ukajaza chumba. Komanda alikuwa mtu mnene mwenye mafua. Hakuwa mkali. Alitupa kiti, akapenga kamasi, akamwambia Papa aseme.

Papa alisema maneno aliyoyatayarisha: kwamba kijana ni mjinga, kwamba ni yatima, kwamba familia inaomba huruma. Kisha alifungua kitambaa juu ya meza.

Komanda alitazama. "Ni kintu gani?"

"Ni jiwe, Komanda. Jioni linageuka. Linakuwa jekundu. Wazungu wanalitafuta sana."

"Sasa ni jioni?"

"Hapana, Komanda."

Yule mtu alilichukua kati ya vidole viwili, akaliinua dirishani. Kijani. Alimwonyesha askari aliyesimama mlangoni, wakacheka kidogo. Alisema chupa za limonadi zikivunjika barabarani, vipande vyake vinang'aa kuliko hilo. Papa akamwomba, kama hatakasirika, waruhusiwe kufunga madirisha na kuwasha taa, dakika moja tu.

"Nifunge madirisha ya biro yangu?" Komanda aliuliza. "Mimi na weye, mu giza?"

Askari wa mlangoni alihamisha bunduki yake bega lingine. Papa akasema asamehewe, hakukusudia vile. Aliomba basi awashe kiberiti.

Nataka mumwone Papa vile nilivyomwona mimi. Mtu aliyenyoosha suruali yake mwenyewe, ameinama juu ya meza ya mtu mwingine, amekizunguka kijiwe kwa mkono mmoja kukizibia mwanga, na kwa mkono wa pili anawasha kiberiti. Kilizimika kwa upepo wa ziwa. Akawasha kingine, akakisogeza karibu mpaka kikamchoma, akakidondosha, akawasha kingine tena. Moto wa kiberiti ndani ya jua lile haukuonekana hata wenyewe. Alikuwa akisema polepole, kwa Kishi, lugha ya kwao ambayo hakuitumia ofisini hata siku moja, na nilisikia kwamba alikuwa akiliomba jiwe.

Mimi sikuwa na hofu. Nilielewa kila kitu, au hivyo nilidhani. Tulikuwa katika ofisi ya Serikali, mbele ya bendera, na jiwe lilikuwa limevaa jina lake la nje. Nilishangaa tu kwamba Papa, mtu aliyesoma, hajui jambo hilo, na nilitamani kumvuta mkono nimwambie asiliaibishe. Uso wangu ulikuwa usawa wa meza. Kiberiti kimoja kilipokaa kidogo, niliona kwenye ukingo wa jiwe, upande wa moto, wekundu mwembamba kama ufizi uliokwaruzwa.

"Liko jekundu kidogo," nilisema.

Komanda aliinama atazame. Moto ukazimika.

Aliinuka, akanishika kichwa kwa mkono wake mkubwa wenye joto la homa. "Mutoto anapenda papa yake," alisema. Kisha alilisukuma jiwe kwa kidole mpaka upande wangu wa meza. "Kamata. Uende uchezee."

Papa aliuliza kuhusu shemeji yake. Komanda alijibu kwamba mambo hayo yako katika mikono ya wakubwa, na kwamba yeye mwenyewe anahitaji kulala. Nadhani yote mawili yalikuwa kweli.

Tukatoka. Papa alitia vidole vyake vilivyoungua mdomoni na kutembea bila kuangalia njia. Mimi niliruka kutoka jiwe jeusi hadi jiwe jeusi, kijiwe nimekifumba kiganjani, kwa sababu niliona tumeshinda. Tulikwenda kwa mkubwa wa kambi nzima, na hakutunyang'anya. Mama alikuwa amesimama mlangoni. Nilimkimbilia, nikafungua kiganja mbele yake, nikamwambia amerudisha, Mama, ametupatia tena. Aliliangalia jiwe, kisha akamwangalia Papa aliyekuwa bado mbali, halafu akakaa chini kwenye ngazi. Nilifikiri amechoka. Nikaenda kumletea maji.

Papa hakukubali kwamba imekwisha. Jua lilipoanza kushuka alichukua jiwe na taa yetu ya mezani, chemni yake ameikumbatia isivunjike, akarudi kambini kungoja jioni langoni. Mlinzi alimwuliza mutu mukubwa anafanya nini na taa mikononi kungali mchana. Papa alisema anamngoja Komanda. Mlinzi alimhurumia, akamwambia asipoteze wakati: "Muzee, bale bantu baliwapakiza mu kamyo zamani. Baliisha kwenda."

Wafungwa walikuwa wamepelekwa tulipokuwa tukila chakula cha mchana. Tulisikia kamyo ikipita. Nakumbuka vikombe vilivyotikisika mezani, na Mama akivishika.

Hatukupata habari. Watu walisema Kisangani, wengine Kinshasa, mmoja alisema machimboni, mwingine alisema tusiulize sana. Monsieur Lucien aliporudi alikuja siku ya kwanza kabisa, saa sita mchana, kofia mkononi, na pipi kwa ajili yangu. Mama alikuwa uani. Alimsimulia yote akiwa amesimama, bila kulia. Mzee alisema angekuwapo angemwendea komanda, angemweleza, labda angemsikiliza.

"Haukukuwa, Monsieur," Mama alisema.

Halikuwa neno la hasira. Aliingia ndani, akatoka na jiwe, akamwambia alichukue. Mzee aliomba alione mara moja tena kwa taa, na Mama akajibu kwamba hawashi taa mchana. Mama alipewa fedha alizopewa, akazipeleka moja kwa moja kwa Papa ili ziwe za safari ya kumtafuta Mjomba. Sijui kama bei ilikuwa ya haki. Sijui hata leo haki ya kitu kama kile ingekuwa ipi. Huyo mzee hakuwa mtu mbaya. Alilipenda jiwe kweli, labda kuliko sisi wote. Nikiwa mtu mzima niliona picha ya grena ya namna ile kwenye gazeti, kwa daktari mmoja wa meno mbali na kwetu, kijani upande mmoja wa ukurasa na nyekundu upande wa pili, na nikawaza nyumba fulani ya Ulaya, pazia limefungwa, watu wazuri wananyamaza. Nikaliweka gazeti chini. Ningeweza kusema nini, na kwa nani?

Papa alisafiri kwa makamyo kupitia Walikale, mvua zikiwa zimeharibu barabara. Alikwenda kwenye milango ya magereza kuuliza. Hatukuwa na simu, na barua hazikufika. Tulikuwa na kungoja tu. Mama aliacha kupika sombe. Kwa kila gari lililosimama barabarani aliinua kichwa, na mimi nikaanza kuinua changu, bila kujua bado ni kitu gani tunakingoja.

Papa alirudi alasiri moja. Mama na mimi tulikuwa uani tukichambua maharage. Alikuja kwa miguu kutoka barabarani, peke yake, amekonda, viatu vyake amevishika mkononi, abakosti imepauka mabegani. Nilitaka kumkimbilia lakini Mama alikuwa amenishika mkono, ananibana. Hakumtazama Papa. Alitazama nyuma yake, kwenye njia, mpaka mwisho ambapo inapinda, akaendelea kutazama hata Papa alipokwisha kufika na kusimama mbele yetu, na kivuli chake kilikuwa kimetufunika.

Kisha aliniachia mkono, akainuka, akamwuliza kama amekula.